Kulipaka upya kabati la mtumba na kulitia pindo la kanga

Kila mwisho wa mwezi kuna mtu Mwanza anahama. Mtumishi amepata uhamisho, nyumba ya wageni inabadilisha samani, ndugu wamegawana vitu vya marehemu na kabati limekosa wa kulichukua. Fanicha hizo huuzwa kwa bei ya kuondoa usumbufu, na nyingi zimetengenezwa kwa mbao ambazo leo ukimwagiza fundi seremala atakutajia bei ukae kimya. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nafasi kidogo barazani au uani, brashi mbili tatu na uvumilivu. Nitatumia mfano wa kabati la vyombo la kawaida: upana sentimita 120, kimo 80, kina 40, milango miwili chini na droo mbili juu yake. Kwa meza ya kahawa, mtoto wa meza au stuli, njia ni ileile.

Jambo moja lieleweke mapema. Rangi haifichi kasoro, inaitangaza. Mkwaruzo ambao hukuuona kwenye ubao mkavu utauona vizuri sana rangi ikishakauka. Tena si kila ubao unastahili kupakwa, kwa hiyo uamuzi wa wapi upake na wapi uache ni mkubwa kuliko uchaguzi wa rangi yenyewe.

Unaponunua

Nenda mchana. Chomoa droo nzima, igeuze, utazame chini yake na ndani ya tundu lake. Huko hakuna aliyehangaika kupitisha vanishi, kwa hiyo ndiko mbao inakoonyesha sura yake halisi. Mninga ni wa kahawia inayoelekea wekundu, wenye michirizi ya giza. Mvule ukiwa mpya ni wa manjano, ukizeeka unageuka kahawia. Mkongo ni mzito na mgumu, bisibisi haiachi alama kirahisi. Paini, ikiwemo ile ya mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi kule Buchosa, ni nyeupe, nyepesi, na ina vifundo.

Muuzaji atakwambia, "Mama, hii mninga tupu, huipati tena." Mjibu tu, "Sawa kaka, tufungue droo tuone." Mara nyingi fremu na miguu ndiyo mninga, paneli za milango ni plaiwudi yenye vinia (utando mwembamba wa mbao uliobandikwa juu), na mgongo ni hadibodi. Hilo si kasoro. Kabati la namna hiyo ndilo linalofaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu limeshakugawia lenyewe: fremu ya kuonyesha, paneli za kupamba.

Chukua tochi ya simu umulike kwenye viungio, nyuma ya bawaba na kwenye matundu ya skrubu. Vidoa vidogo vyeusi vilivyosongamana hapo ni vya kunguni, na hilo peke yake latosha kukurudisha nyumbani mikono mitupu, labda uwe tayari kupambana nao. Kisha gonga ubao kwa kifundo cha kidole. Matundu madogo ya mviringo ni ya bungua, mdudu anayekula mbao kutoka ndani. Yasipotoa kitu huenda ni ya zamani, lakini unga laini mpya ukidondoka bungua bado yumo. Mwisho bonyeza miguu ya nyuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, mchwa walishapita na mguu huo ni wa kubadilisha.

Piga pia hesabu ya kulifikisha. Kama unakaa kwenye miinuko ya Mabatini, Bugarika au Igogo, kirikuu au guta litaishia barabarani na safari iliyobaki ni ya ngazi za mawe. Patana na vijana wa kubeba kabla ya kulipia kabati. Ukikuta kabati zima la mvule na mlima unaujua, fikiria mara mbili, hata kama bei inashawishi.

Likifika, lisiingie ndani. Liache barazani. Kama kuna dalili ya bungua, vuta dawa ya kuua wadudu wa mbao kwa bomba la sindano, ingiza tundu kwa tundu, kisha lifunge kabati lote kwa nailoni siku chache. Kunguni wa kwenye viungio vya mbao ngumu huuawa kwa maji yanayochemka, lakini usimwage maji hayo kwenye vinia, itabanduka.

Kwanza jua limepakwa nini

Mafundi wengi wa mtaani hawakosei rangi, wanakosea kilicho chini ya rangi. Chovya pamba kwenye tina ya mafundi wa spirei, ibandike sehemu isiyoonekana kwa nusu dakika, kisha futa. Vanishi ikiyeyuka ikawa ya kunata, hiyo ni NC, yaani vanishi ya nitroselulosi inayopigwa kwa spirei. Ikivimba na kukunjamana, ni rangi au vanishi ya mafuta. Jibu hilo liandike, kwa sababu kuna sheria moja isiyovunjwa: usipige sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) wala vanishi ya NC juu ya rangi ya mafuta. Tina iliyomo itaikunja rangi ya chini mbele ya macho yako, na hapo dawa ni kukwangua yote.

Rangi ya maji nayo haishiki juu ya vanishi ya mafuta inayong'aa. Itakauka, itapendeza, na baada ya muda utaibandua kwa ukucha. Inataka msasa wa kuua mng'ao na undakoti, yaani rangi ya kutangulizia, katikati.

Rangi nzito ya zamani sana ichukulie kuwa ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiisugue kavu. Loanisha, tumia msasa wa maji, funga pua kwa barakoa, watoto wasiwepo, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.

Kuosha

Osha kabla ya msasa. Ukisugua kabati lenye mafuta ya jikoni, unayashindilia mafuta ndani ya mbao, kisha rangi inakusanyika vidotovidoto na kukimbia sehemu hizo. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, kitambaa kilichokamuliwa. Halafu kitambaa kingine cha maji matupu. Zunguka vishikizo na kingo za juu za droo mara mbili, ndiko mikono ilikopita miaka yote.

Sasa harufu. Kabati lililotunza dagaa halisahau. Acha droo wazi kwenye kivuli chenye upepo, weka mkaa mkavu au magadi ndani kwa siku kadhaa, halafu uzibe mbao za ndani kwa shelaki (nitaieleza mbele) au sila. Harufu iliyobaki hufungiwa humo. Rangi ya maji peke yake haiizuii, na ukishaweka mashuka ndani utajua.

Kurekebisha

Kiungio kinachocheza usikipigilie msumari. Kitenganishe, kwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane, paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, kibane. Huna vibano? Kata mpira wa tyubu ya baiskeli kama ukanda, uzungushe kwa nguvu mara nyingi kwenye miguu au fremu, ufunge. Unabana vizuri kuliko kamba na hauachi alama. Acha hadi kesho yake.

Vinia iliyovimba iwekee kitambaa chenye unyevu, pitisha pasi ya moto wa wastani, kisha ikandamize kwa tofali lililofungwa gazeti. Ikikataa, ichane kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, rudia tofali. Mashimo na mikwaruzo ya sehemu zitakazopakwa rangi jaza kwa puti, izidi kidogo juu ya uso kwa sababu ikikauka hunywea. Kwa sehemu itakayobaki mbao, changanya vumbi la msasa la ubao huohuo na gundi. Droo nzito kusogea sugua kingo zake za chini kwa mshumaa au kipande cha sabuni.

Msasa

Vua vishikizo, bawaba na komeo zote. Skrubu zake zitie kwenye kopo. Msasa namba 80 ni wa kuondoa tabaka nene tu, usianze nao kwenye vinia maana utaitoboa. Namba 120 kwa uso wote, kisha 180, daima kufuata nyuzi. Ufunge kwenye kipande cha ubao bapa. Ukitumia vidole vitupu utachimba mabonde usiyoyaona mpaka rangi ikauke. Barakoa si mapambo hapa: vumbi la mninga na la mvule linawasha pua na kifua, na mwenye pumu aachie mtu mwingine hatua hii.

Wekundu unaopenya

Hapa ndipo kabati nyingi za mninga zinapoharibikia. Umepaka nyeupe, umepaka tena, na asubuhi yake kuna mawingu ya waridi na kahawia juu ya mlango. Ukiongeza mkono wa tatu yanarudi. Sababu ni kwamba mninga, na mvule pia, una utomvu na rangi ya asili inayoyeyuka. Rangi ya maji inaulowesha ubao, inaivuta rangi hiyo, maji yanapokauka juu yanaiacha usoni. Kuongeza mikono ya rangi ni kuongeza maji, na maji ndiyo yanayoivuta. Vifundo vya paini vina tabia hiyohiyo, ila vyenyewe hutoa gundi ya manjano.

Jipime kwanza: sugua sehemu iliyopigwa msasa kwa kitambaa cheupe kilicholowa spiriti. Kikitoka na wekundu, ubao huo utapenya.

Kizuizi kizuri kuliko vyote ni shelaki, yale magamba ya rangi ya asali yanayoyeyushwa kwenye spiriti. Yaache usiku kucha kwenye chupa ya kioo, yachuje, paka mkono mwembamba, subiri kama dakika 45, paka wa pili. Shelaki ina faida nyingine: karibu kila kitu kinaishika, na yenyewe inashika karibu kila kitu, mradi uso uwe msafi. Usipoipata, tumia undakoti ya mafuta, mikono miwili, kila mmoja ukilala usiku mzima. Kwa vifundo vya paini, rangi ya fedha ya alumini inaziba vizuri. Igusie kwenye kifundo tu kisha ufuatishe undakoti. Sila ya NC iliyopunguzwa nusu kwa nusu na tina nayo husaidia, lakini iache kama mbao yako ni nyekundu sana au rangi yako ni nyeupe.

Baada ya kizuizi, msasa namba 240, mkono mwepesi, kuondoa chembe. Futa. Pitisha kiganja ukiwa umefumba macho. Mkono unaona zaidi ya jicho kwenye hatua hii.

Wapi upake

Kwa kabati letu, uso wa juu, fremu na miguu ya mninga viachwe mbao. Paneli za milango na nyuso za droo zipakwe. Mbavu za kabati ni hiari: zikiwa za plaiwudi iliyochoka, zipake rangi ya msingi bila pambo lolote. Kama kabati lote ni paini au ni mbao mchanganyiko, paka lote bila majuto.

Rangi ya maji lita moja hufunika takriban mita za mraba kumi kwa mkono mmoja. Milango miwili ya sentimita 55 kwa 45 na droo mbili za 55 kwa 15 hazifiki hata mita moja ya mraba. Kopo la nusu lita linatosha na kubaki. Usikubali kuuziwa galoni.

Rangi ya chaki ya kuchanganya mwenyewe

Rangi inayofaa mapambo ni ile isiyong'aa, yenye kushika, inayokubali kusuguliwa. Zipo za dukani, ila ya kujichanganyia inafanya kazi. Chukua vikombe vitatu vya rangi ya maji isiyong'aa, kikombe kimoja cha unga wa jipsam wanaoutumia mafundi wa dari, na kikombe kimoja cha maji. Upitishe unga kwenye kichujio cha chai, uukoroge na maji kwanza mpaka uwe uji laini usio na punje, ndipo uumimine kwenye rangi. Ukiutia unga mkavu moja kwa moja, utapata vibonge ambavyo brashi itaviburuta mlango mzima.

Jipsam huganda. Changanya kiasi cha kutumia ndani ya saa moja. Ikianza kukaza usiiongeze maji, itupe. Chokaa usiitumie badala yake, ina ukali unaoweza kubadilisha baadhi ya rangi.

Paka mikono miwili myembamba. Wa kwanza utaonekana wa kukatisha tamaa, una michirizi na mabaka. Uache hivyo hivyo ukauke. Wa pili unafunika. Katikati yake pitisha msasa namba 320 mara moja.

Rangi gani? Nyeupe tupu kwenye nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi itakupa kazi ya kufuta kila siku. Maziwa yaliyotiwa kijivu, kijani iliyofifia, bluu ya giza, zinavumilia zaidi, na zinakaa vizuri kando ya wekundu wa mninga. Krimu pembeni ya mninga huonekana chafu, mimi siipendi.

Pindo

Kanga ina pindo linalozunguka pande nne, mji katikati, na jina, yaani ile methali iliyoandikwa, chini ya mji. Waliobuni mpangilio huo walishatatua tatizo la jinsi ya kupamba mstatili, na mlango wa kabati ni mstatili. Weka pindo kuzunguka ukingo, mji uuache mtupu au uwe na ua moja tu la katikati. Kosa la kawaida ni kuvijaza vyote viwili. Pindo likiwa na kelele, mji unyamaze.

Hesabu kwanza. Mlango wetu ni 55 kwa 45. Pindo la upana wa sentimita 5 linachukua miraba ya 5 kwa 5 kwenye kona nne. Zinabaki sentimita 45 juu na 35 ubavuni. Pambo la urefu wa sentimita 5 litaingia mara tisa upande mrefu na mara saba upande mfupi, bila kipande kukatwa. Namba zote mbili ni witiri, kwa hiyo kuna pambo moja linaloangukia katikati kabisa. Anza na hilo kisha uende pembeni. Mlango wako ukiwa na vipimo vingine, badilisha upana wa pindo mpaka hesabu ikubali. Usije ukaanzia kona ukitumaini mambo yatajipanga upande wa pili.

Stensili ikate kwenye filamu ya eksirei ya zamani. Iloweke kwenye jiki, utando mweusi utalainika, ufute, na majina yaliyokuwamo yatafutika nao. Itabaki plastiki inayoona. Iweke juu ya mchoro, ilaze kwenye kioo, kata kwa wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi. Acha vishikio vyembamba kati ya matundu, kama milimita 3, visije vipande vya ndani vikadondoka. Pambo rahisi hufanya kazi kuliko la kujionyesha: korosho moja, pembetatu mbili zinazotazamana, nukta tatu. Mwenye hamu ya maumbo mengine apande gari la Kisesa, aingie Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, atazame ngoma na viti vya watemi akiwa na daftari.

Sasa namna ya kupiga. Bandika stensili kwa maskingi tepu. Tumia brashi fupi ya duara au kipande cha sponji ya godoro. Chovya ncha tu, kisha gongagonga juu ya gazeti mpaka udhani rangi imeisha. Hapo ndipo iko sawa. Piga wima, juu chini, bila kuburuta. Rangi ikiwa nyingi itapenya chini ya filamu na ukingo wa korosho utaota ndevu. Ni afadhali upitie mara mbili kwa rangi kavu kuliko mara moja kwa rangi mbichi. Inua filamu moja kwa moja juu, ifute nyuma yake, sogea pambo linalofuata. Ruka moja moja: piga la kwanza, la tatu, la tano, ukirudi kuziba mapengo yale ya awali yatakuwa yamekauka.

Mstari mwembamba wa kutenganisha pindo na mji unaweza kuupata kwa maskingi tepu mbili zilizoachana milimita 4. Zibandue tepu hizo rangi ikiwa bado mbichi kidogo. Ukitaka kuuchora kwa mkono mtupu, kamtazame fundi anayeandika jina la mtumbwi: kidole kidogo kimeegemea ubao, brashi ni ya nywele ndefu, na mstari anauvuta kuja kwake.

Kuhusu rangi za pambo, mbili zatosha juu ya ile ya msingi. Nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, mpangilio wa kisutu, haijawahi kuchosha, lakini inatawala chumba kizima. Kwenye sebule ndogo tumia rangi ya msingi iliyotiwa giza kidogo. Pindo litaonekana mtu akikaribia.

Na jina? Methali mlangoni hugeuza kabati kuwa daladala. Kama unaipenda sana, iandike ndani ya droo, aione anayefuata kijiko. Ndani humo pia ndiko kanga kuukuu inakofaa: ikate kwa kipimo, paka sakafu ya droo gundi nyeupe iliyopunguzwa maji, itandaze kutoka katikati kwenda kingoni, pitisha gundi juu yake pia.

Mbinu nyingine mbili

Kuchakaza kwa mshumaa: paka rangi ya kwanza, ikikauka sugua mshumaa kwenye kingo na pembe zile ambazo mikono ingezichubua kweli, paka rangi ya pili, ikikauka kwangua hapo kwa msasa namba 240. Rangi ya juu itatoka penye nta na ya chini kuchungulia. Chubua kidogo, na kamwe usichubue katikati ya mlango, hakuna mkono unaochubua hapo. Nta iliyobaki ifute yote kwa kitambaa chenye tapentaini, la sivyo vanishi haitashika.

Kupasua rangi: juu ya rangi ya msingi iliyokauka paka gundi nyeupe kwa unene, subiri iwe ya kunata bila kuvuta uzi, kisha pitisha rangi ya maji ya pili kwa mpigo mmoja bila kurudia. Itapasuka yenyewe inapokauka. Hufanya kazi kwa rangi ya maji peke yake. Inafaa kwenye fremu ya kioo au uso mmoja wa droo. Kabati zima lililopasuka linachosha macho.

Saa ya kupaka

Paka asubuhi. Mchana upepo wa ziwani unainuka na kuleta vumbi, na jua la moja kwa moja linakausha uso wa rangi kabla ya ndani. Mwagia uwanja maji kidogo kabla ya kuanza. Majira ya kiangazi, kuanzia Juni, ndiyo rahisi. Wakati wa masika acha muda zaidi kati ya mkono na mkono hata kama uso unaonekana umekauka.

Kisha kuna wale wadudu wa ziwani. Wanaotazama maji wakiwa Kirumba, Igombe au Kayenze wanawajua: wingu linainuka kwa mbali utadhani moshi, mara nyingi karibu na mwezi mwandamo, na upepo ukigeuka jioni linakuja mjini. Wanafuata taa. Kabati lenye vanishi mbichi chini ya taa ya baraza litaamka limeota manyoya. Kama umechelewa, zima taa ya nje au ingiza milango ndani, funga dirisha. Wakishanasa usiwachomoe, kila unayemtoa anaondoka na rangi na kuacha shimo. Acha ikauke kabisa, wapitishie msasa namba 320, futa, rudia mkono mmoja mwembamba.

Kumalizia

Rangi ya chaki bila kinga hunyonya kila alama ya mkono. Kwa milango na droo, nta inatosha na inapendeza kuliko vanishi. Nunua nta ya nyuki, ile ya Tabora hupatikana. Yeyusha sehemu moja ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Iipue, iweke mbali na jiko, ndipo utie sehemu tatu za tapentaini ukikoroga. Usithubutu kutia tapentaini kopo likiwa juu ya moto. Ikipoa inakuwa laini. Paka kidogo kwa kitambaa cha pamba, subiri robo saa, ng'arisha.

Uso wa juu ni hadithi nyingine, maana hapo chungu cha moto kitatua siku moja. Nta itayeyuka. Kwenye mninga ulioachwa mbao paka vanishi mikono mitatu, ukisugua kwa namba 320 kati yake. Ya mafuta huongeza wekundu na inafaa hapo. Juu ya rangi nyeupe au hafifu tumia vanishi ya maji, kwa sababu ya mafuta hugeuka manjano.

Vitambaa vilivyolowa vanishi au mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kwenye ndoo. Vinaweza kupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke, kimoja kimoja. Tina chafu nayo isiende mtaroni. Mitaro mingi ya mjini inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Iache itulie kwenye chupa, mimina ile safi ya juu uitumie tena kuoshea brashi, na mashapo ya chini yakaushe kwenye mchanga.

Rudisha bawaba na vishikizo baada ya siku mbili tatu. Rangi inaonekana imekauka mapema, lakini kukomaa kwake ni wiki mbili hadi tatu. Katika muda huo usibandike kitambaa cha plastiki juu, usiweke televisheni, na milango isibanwe kwa komeo usiku, itagandana na fremu. Rangi ya maji iliyobaki, ile isiyotiwa jipsam, itie kwenye chupa ndogo ya jemu, ijaze hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, uandike juu yake ni ya nini. Mlango ukichubuka siku moja, futa nta ya mahali hapo kwa tapentaini, changanya kijiko kimoja na jipsam kidogo, uguse.